Meno Yale Yalilala Wapi?

Kata yetu imepata mkaguzi wake wa polisi. Tangu Jeshi la Polisi lianze kusambaza wakaguzi kwenye kata za Bara na shehia za Visiwani, tulikuwa tukisikia kwamba wenzetu wamepata, na sasa wa kwetu naye amepangiwa chumba katika ofisi ya kata. Kwenye kikao cha kumtambulisha, kila kiongozi aliyesimama alirudia ombi lile lile: wananchi watoe ushirikiano kwa vyombo vya dola. Ombi hilo nimelisikia miaka yote ya utumishi wangu. Hata mimi nimelitoa mara nyingi, kwani nilikuwa mtendaji wa kijiji, kisha wa kata, katika wilaya moja ya Mkoa wa Ruvuma, jirani na lile pori tulilolizoea kwa jina la Selous. Kulisikia tena kumenikumbusha mambo ambayo sikuwa na nafasi ya kuyasema nikiwa kazini. Tumewahimiza wananchi washirikiane na dola kwa muda mrefu sana, na ni mara chache tumeuliza kama ngazi za dola zinashirikiana na mwananchi, au zenyewe kwa zenyewe.

Mimi ni mzaliwa wa Kahama. Nilikuwa bado shule ya msingi sungusungu walipoanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha juzijuzi, bunduki zilikuwa zimezagaa, na ng'ombe wa watu walikuwa wakiswagwa usiku kwa mlio wa risasi. Kituo cha polisi kilikuwa mbali. Mwizi aliyepelekwa huko leo, wiki inayofuata alionekana mnadani. Ndipo wanaume wa vijijini wakajipanga wenyewe, kila kijiji na mtemi wake wa basalama, kama sungusungu walivyojiita, na katibu wake. Mwano, yaani ukelele wa hatari, ukipigwa, waliotoka walitoka na upinde na mishale, na kijiji cha mbele kilikuwa kimekwisha kuziba njia kabla wezi hawajafika. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao, na nyumbani tulizoea kumsikia akiondoka usiku wa manane bila kuaga.

Nilishuhudia mazuri ya mpango ule, na mabaya yake pia. Mifugo ilianza kulala salama. Lakini wapo waliohukumiwa bila kusikilizwa, hasa wanawake wazee walioshukiwa uchawi, na hilo sijalisahau. Polisi na mahakimu hawakuwapenda sungusungu. Mwalimu Nyerere na chama waliwatetea. Hatimaye ilitungwa sheria: mwaka 1989 sheria ya mwaka 1975 inayowapa mgambo mamlaka ya kukamata ilirekebishwa, na sungusungu nao wakaingizwa humo. Hivyo mwanakijiji akawa na mkono wa kisheria wa kumshika mhalifu. Kuhusu yanayofuata baada ya kumshika, yaani nani anaandika, nani anatunza kielelezo, nani anarudi kijijini kueleza kesi imefikia wapi, sikumbuki mtu yeyote aliyekuja kutufundisha.

Pengo hilo nilikutana nalo tena kusini, nilikoolewa na kuajiriwa. Kijiji changu cha kwanza kilikuwa kimetenga sehemu ya ardhi yake kuwa hifadhi ya jamii. Tulikuwa na askari wetu wa wanyamapori, vijana wa pale pale, waliofunzwa katika chuo cha Likuyu Sekamaganga na kulipwa posho iliyokuja kwa kusuasua. Usiku mmoja wa masika walimkamata mtu mwenye gobore na nyama ya nyati, wakamleta ofisini kwangu alfajiri, matope hadi magotini.

Ukitazama ramani ya utawala, pale mlangoni pangu zilikuwa zimekutana serikali nyingi. Mimi nilikuwa chini ya halmashauri, na juu yangu TAMISEMI. Bwana nyama wa wilaya naye alikuwa wa halmashauri, lakini sheria aliyoisimamia ni ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Askari wa pori la akiba walikuwa wa wizara hiyo moja kwa moja. Polisi ni wa Mambo ya Ndani. Mgambo walikuwa na mshauri wao wa wilaya, ambaye ni mwanajeshi. Nikaanza kutuma ujumbe. Kwa mmoja gari lilikuwa gereji. Kwa mwingine hapakuwa na mafuta. Wa tatu alisema tukio limetokea nje ya mpaka wa pori, kwa hiyo si lake. Wote walikuwa wanasema kweli, na kila mmoja alikuwa na sababu halali ya kutokuja. Mchana tulipata lori la tumbaku lililokuwa likienda mjini, tukampandisha mtuhumiwa na vijana wawili waliomkamata. Mmoja wao alikuwa shemeji yake.

Siku chache baadaye mtuhumiwa alirudi kijijini. Alipita mbele ya ofisi yangu, akanisalimia kwa adabu, akaenda kwake. Alikuwa amepewa dhamana, na dhamana ni haki ya mtuhumiwa. Leo ningemweleza hivyo mtu yeyote atakayeniuliza. Lakini hakuna aliyetujulisha, si mimi, si vijana waliolala porini. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa na jibu lake: wamekula hongo, wamemwachia. Yule kijana aliyemkamata shemeji yake aliletewa maneno na ukoo mzima, na baada ya mavuno alirudisha sare. Sina ushahidi kwamba kuna mtu aliyekula hongo katika shauri lile. Simu moja tu, au karatasi yenye mistari mitatu, ingetosha kutubakizia askari mzuri.

Kadiri miaka ilivyopita nilipata kazi ambayo haimo katika mkataba wa mtendaji: ushahidi. Polisi au askari wa wanyamapori wakija kupekua nyumba, huhitaji shahidi huru, mtu asiye wao na asiye wa nyumba ile, atakayeona kilichopatikana na kutia saini kwenye hati. Mara nyingi mtu huyo huwa mjumbe, mwenyekiti wa kitongoji, au mtendaji. Nimetia saini hati nyingi chini ya taa ya chemli. Nimesimama kizimbani nikaulizwa maswali na mawakili waliotaka kuonyesha kwamba sikuwapo.

Shauri ninalolikumbuka zaidi lilihusu meno mawili ya tembo yaliyofukiwa jikoni, chini ya mafiga. Upekuzi ulifanywa vizuri. Hati iliandikwa, mwenye nyumba akasaini, nami nikasaini. Meno yakapakiwa kwenye gari la doria. Mvua ilikuwa imekata daraja, gari likalala kwenye kituo cha askari wa porini, na kesho yake meno yakahamishiwa gari lingine, kisha polisi, kisha kwa mthamini wa nyara, kisha stoo ya vielelezo. Mahakamani hakimu alimsikiliza shahidi mmoja mmoja, akavua miwani, akauliza, "Meno yale yalilala wapi usiku ule, na nani alikuwa nayo?" Hapakuwa na karatasi ya kujibu. Askari wa porini alisema aliyakabidhi; wa polisi alisema aliyapokea; tarehe zao hazikuoana, na hapakuwa na hati ya makabidhiano. Mshtakiwa aliachiwa huru.

Nilikasirika sana siku ile, na wanakijiji wenzangu zaidi. Aliyenituliza ni wakili wa serikali aliyekuwa amekuja kutoka Songea. Aliniketisha kwenye benchi la nje akanieleza kwamba Mahakama ya Rufani, katika shauri la Paulo Maduka na wenzake lililoamuliwa mwaka 2009, ilikwisha kusema wazi: njia ya kielelezo tangu kilipokamatwa hadi kinapoletwa mahakamani lazima iandikwe, mkono kwa mkono, la sivyo hakuna uhakika kwamba kilicholetwa ndicho kilichokamatwa. Alisema pia kwamba hakimu alitenda haki, kwa sababu siku nyingine anayeshtakiwa anaweza kuwa mwanangu, na meno yakawa ya kupandikizwa. Nilimwelewa. Nilichojiuliza njiani ni kwa nini maelezo yale ya nusu saa yalinifikia baada ya kesi kuanguka. Uamuzi wa mahakama ya juu kabisa nchini ulikuwa unamhusu kijana wa doria kuliko mtu mwingine yeyote, naye hakuwahi kuusikia.

Tangu hapo nilianza kudai nakala. Kila hati niliyotia saini, nilitaka nakala yake ibaki katika jalada la kijiji, na kila aliyeondoka na kielelezo aliandika jina, cheo, saa na anakokipeleka kwenye daftari la kawaida la shule. Baadhi ya maofisa waliona namchunguza. Nilivumilia, na baadaye wenyewe walianza kuliulizia daftari.

Kisha ukaja mwaka 2013. Anayezungumzia vyombo vya dola na ujangili hawezi kuuruka. Tembo walikuwa wanakwisha. Katika ikolojia ya Selous na Mikumi, ambako mwaka 1976 walihesabiwa zaidi ya tembo 100,000, sensa ya 2013 ilikuta kama 13,000 tu, na miaka minne kabla ya hapo walikuwa karibu 39,000. Serikali ikaanzisha Operesheni Tokomeza mwezi wa Oktoba, ikikusanya Jeshi la Wananchi, polisi, askari wa wanyamapori na wengineo kwenye safu moja. Kwa karatasi, ulikuwa ushirikiano mkubwa wa vyombo kuliko wowote tuliopata kuuona. Haukumaliza mwezi. Ulisitishwa baada ya malalamiko ya mauaji, mateso, ubakaji na mifugo iliyopotea, na Desemba, baada ya taarifa ya Kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli, mawaziri wanne waliachishwa kazi: wa Maliasili na Utalii, wa Ulinzi, wa Mambo ya Ndani, na wa Mifugo na Uvuvi. Mwaka uliofuata Rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji mstaafu Hamisi Msumi.

Taarifa ile ya Bunge tuliisikiliza redioni, kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, wazee wakiwa mbele na vijana wamesimama nyuma. Kijiji changu hakikuguswa kama vingine. Hata hivyo niliona watu wakibadilika usoni. Baada ya siku ile, kwa muda mrefu, hakuna mtu aliyekuja kuninong'oneza kwamba ameona wageni wakinunua unga mwingi kuliko kawaida, au kwamba amesikia mlio upande wa mto. Habari za namna hiyo ndizo zilizokuwa silaha yetu kubwa. Hazikuwahi kutegemea idadi ya bunduki. Zilitegemea mwanamke anayeuza unga aamini kwamba akinieleza, mwanawe hatageuziwa kibao. Vyombo vilikuwa vimeungana vyenyewe kwa vyenyewe huko juu, vikamwacha nje yule aliyekuwa akivipa macho.

Nafikiri kuna waliolielewa jambo hilo, maana walichofanya baadaye kilikuwa tofauti. Kiliundwa kikosi kazi cha taifa kilichochanganya wapelelezi wa polisi, usalama wa taifa na watu wa wanyamapori, na kazi yake haikuwa kuzunguka na bunduki vijijini bali kufuatilia mtandao: nani ananunua, nani anasafirisha, nani analipa. Sisi vijijini siku zote tulimkamata mbebaji, kijana maskini mwenye miguu iliyopasuka, na baada ya mwezi mwingine alichukua nafasi yake.

Mpelelezi mmoja alikuja kwetu akiwa na nguo za kiraia. Sitalitaja jina lake, na nadhani hata lile alilonipa halikuwa lake. Alikaa kwenye genge la mama lishe, akala mihogo, akauliza maswali ambayo hakuna askari aliyepata kutuuliza: nani kanunua pikipiki mpya baada ya kiangazi, wakala gani wa kutuma fedha anapokea miamala mikubwa, lori lipi hupita usiku bila mzigo na kurudi limefungwa turubai. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa mara ya kwanza niliona inatokea ofisini kwangu. Aliondoka na kurasa kadhaa. Zaidi ya mwaka mmoja ukapita, nami nikamweka kwenye kundi la waliochukua habari wakapotea. Jioni moja simu ikaita. "Mama Mtendaji," akasema, "yule mtu wa lori amefungwa. Nilikuahidi nitakuambia." Hakunieleza zaidi, wala sikuuliza. Niliwaita wazee watatu waliokuwa wamemsaidia, nikawaambia. Mwezi ule ule watu walianza kuja tena ofisini jioni jioni.

Naweka simu ile mbele ya magari, sare na semina zote nilizoziona. Mwaka 2019, Mahakama ya Kisutu jijini Dar es Salaam ilipomhukumu Yang Fenglan, mfanyabiashara wa Kichina aliyeitwa malkia wa meno ya tembo, kifungo cha miaka 15, magazeti yalisifu upelelezi wa taifa, na sifa hizo zilistahili. Mimi niliwaza juu ya maelfu ya wauza unga na madereva ambao habari zao ndogondogo hupanda hadi kwenye kesi kubwa za namna hiyo, na ambao hakuna atakayewapigia simu.

Kuna ngazi nyingine juu ya taifa. Kwetu Msumbiji si mbali, na jangili aliyevuka Mto Ruvuma alikuwa ametoka katika mamlaka yetu yote kwa kuloa tu. Tanzania ni mwanachama wa umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki na ule wa Kusini mwa Afrika, na imeridhia Mkataba wa Lusaka wa mwaka 1994 kuhusu biashara haramu ya wanyamapori. Mikataba hiyo ina faida, sina shaka. Lakini kati ya kijiji cha ng'ambo na chetu, waliokuwa wakishirikiana kweli ni wavuvi na wafanyabiashara wa chumvi, watu wenye ndugu pande zote mbili, na taarifa zao zilifika haraka kuliko barua ya Interpol. Sijapata kuona mkataba wowote unaowakumbuka.

Leo mambo yamegeuka kwa namna nisiyoitarajia. Sehemu kubwa ya Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, walinzi wa wanyamapori wameunganishwa katika Jeshi la Uhifadhi, risasi zimepungua, na tembo wanaonekana tena. Wanaonekana hasa mashambani. Usiku wanakula mahindi, mchana tunahesabu mashina. Mwananchi aliyeharibiwa shamba ana haki ya kudai kifuta jasho, na aliyeuawa au kujeruhiwa ndugu yake, kifuta machozi. Madai huanzia kwa mtendaji, huenda kwa bwana nyama wa wilaya, hupanda hadi wizarani. Nimeyajaza mimi mwenyewe, nikapima mashamba kwa hatua, nikaandika namba za simu za wakulima. Wengi walinijia msimu baada ya msimu kuuliza yamefika wapi, na sikuwa na la kuwaambia.

Wapo watakaosema madai ya mahindi ni suala la fidia, si la ulinzi. Mimi nasema ni mlango ule ule na ni watu wale wale. Mkulima ambaye karatasi yake ilipanda ikanyamaziwa ndiye huyo huyo tunayemtaka kesho atoe habari za mgeni mwenye bunduki. Yeye hatofautishi wizara. Kwake serikali ni moja, na ama inamjibu au haimjibu.

Kwa hiyo, kwa mkaguzi wetu na kwa Kamati ya Ulinzi na Usalama ya wilaya, nina mambo machache ya kupendekeza, na hayahitaji sheria mpya. Mkutano Mkuu wa Kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Uwe na ajenda ya kudumu ambapo polisi, watu wa uhifadhi na mwakilishi wa mashtaka wataeleza kesi zilizotoka kijijini hapo: ipi iko mahakamani, ipi imefungwa kwa kukosa ushahidi na kwa nini, nani yuko nje kwa dhamana na dhamana maana yake nini. Yaliyo siri ya upelelezi yabaki siri. Mengi hayana siri yoyote. Wananchi waelezwe kwamba kesi ya nyara za Serikali ni ya uhujumu uchumi, kwamba mahakama ya wilaya haiwezi kuisikiliza kabla ya kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, ndiyo maana inaahirishwa na kuahirishwa. Nimeona watu wakikata tamaa kwa miezi mingi kwa sababu ya kutojua jambo hilo moja.

Vijana wa doria wa vijiji wafundishwe hati ya makabidhiano kabla ya kufundishwa kulenga shabaha. Na mashahidi walipwe nauli na posho yao siku ile ile wanayofika mahakamani, hata kama kesi imeahirishwa. Nimemwona mama mjane akilala kituo cha mabasi baada ya kutoa ushahidi mzuri kuliko wote katika kesi ile, kwa sababu fedha za mashahidi zilikuwa hazijaingia. Alipoitwa tena mara ya pili aliniomba niwaambie kwamba amesafiri. Sikukubali kusema uongo. Nilimpa nauli kutoka mfukoni mwangu, akaenda, na mshtakiwa akatiwa hatiani. Fedha zile sizidai, lakini mama yule bado anaidai serikali posho yake ya siku mbili, na jina lake liko kwenye daftari nililomkabidhi mkaguzi.